German Shepherd au Boerboel: mbwa gani wa kazi kwa boma la Nyanda za Juu Kusini?

Mwezi wa sita, baridi ikiwa imekaza Uyole, Mbeya, alinipigia simu mama mmoja, mwalimu mstaafu wa Igawilo. Wezi walikuwa wameingia bandani kwake mara mbili, na mara ya pili waliondoka na mtamba mwenye mimba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kuna anayeniambia nichukue Jamani Shepadi, na mwingine ananiambia Boerboel ndiye atakayenimalizia matatizo. Wewe umewafuga wote wawili. Nichukue yupi?"

Nikamuuliza kwanza: mchana, huyo mbwa atashinda na nani? Akanyamaza. Watoto wake wako Dodoma na Dar, kijana wa ng'ombe hubadilika kila baada ya miezi michache, naye mwenyewe magoti yanamsumbua. Tulizungumza karibu saa nzima. Haya ninayoandika ni yale tuliyozungumza, pamoja na mengine niliyokumbuka baada ya kukata simu, kwa sababu swali lake naulizwa mara nyingi na watu wa Mbalizi, Mafinga na Njombe. Mbwa hawa wawili wanauzwa kama ndugu, eti wote ni walinzi wakubwa. Kwa kazi wanayoijua na kwa wanachokudai wewe, hawafanani hata kidogo.

Vigezo kwanza

Kabla ya kuangalia picha za watoto wa mbwa kwenye simu, jijibu mwenyewe kwa ukweli. Kazi unayotaka hasa ni ipi: mbwa wa kukujulisha kwamba kuna mtu, mbwa wa kuzunguka eneo kubwa, au mbwa wa kumzuia mtu asifike mlangoni? Kwa siku una muda gani wa kukaa naye? Uzio wako ni wa kitu gani? Utaweza kumlisha mwezi wa pili, wakati debe la mahindi limepanda bei? Unaishi Makete kwenye umande wa barafu, Tukuyu kwenye mvua, au Kyela kwenye joto? Nyumbani kuna akina nani, na nani huingia bila kubisha hodi? Halafu kuna magonjwa.

Kwangu mimi, muda na uzio ndivyo vinavyoamua. Mengine yote yana namna ya kurekebishwa.

Kazi waliyozaliwa nayo

Shepadi ni mbwa wa kondoo, ingawa wengi wetu tunamjua kama mbwa wa polisi. Mwaka 1899 huko Ujerumani, afisa wa jeshi la farasi, Max von Stephanitz, alimwona dume mmoja kwenye maonyesho ya mbwa mjini Karlsruhe. Alimnunua palepale, akambadilisha jina kutoka Hektor kuwa Horand von Grafrath, na mwaka huohuo akaanzisha chama cha wafugaji wa mbwa hao. Horand ndiye wa kwanza kwenye daftari la ukoo wao.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kutembea. Mashamba ya kule hayakuwa na uzio, na kondoo walichungwa kwenye ukanda wa majani kando ya mazao ya watu. Mbwa alitembea kwenye mpaka siku nzima, akienda na kurudi, kuhakikisha hakuna kondoo anayetia mdomo kwenye ngano. Ukilijua hilo, utamwelewa shepadi wako. Kamanda, dume niliyekaa naye miaka tisa, alichimba kijia kando ya uzio wangu wa michongoma, upana wa kiganja cha mtu mzima, majani hayaoti. Asubuhi za Julai ulikuwa unaona umande umelala shamba zima isipokuwa kwenye mstari huo mmoja. Hakuna aliyemfundisha.

Boerboel (hutamkwa kama "burbul") ametoka Afrika Kusini. Jina ni la Kiafrikana: boer ni mkulima, na boel ni jina la wale mbwa wazito wenye kichwa kipana. Wazungu walioanza kuhamia Rasi ya Tumaini Jema baada ya 1652 walikuja na mbwa wakubwa wa aina hiyo, na kizazi baada ya kizazi wakachanganyika kwenye mashamba yaliyokuwa mbali na jirani. Mkulima alitaka mbwa wa kukaa nyumbani, kumlinda mkewe na watoto yeye akiwa machungani, na kusimama mbele ya chui au nyani. Mbwa wa kukimbia huku na huko hakumfaa. Chama cha wafugaji wake kilianzishwa mwaka 1983, baada ya watu kuona kwamba mbwa hao wanapotea. Hadi leo boerboel hutaka kujua watu wa nyumba yake wako wapi, na hulala pale anapoweza kuwaona.

Wanavyolinda usiku

Shepadi atakuamsha. Husikia mbali na hubweka mapema, na ukikaa naye utajifunza lugha yake: kuna kubweka kwa mpita njia, kuna kubweka kwa fisi, na kuna ule wa sauti ya chini unaokutoa kitandani. Hukimbia hadi kwenye uzio kukutana na mtu. Kwa mwenye eka tatu za parachichi, hiyo ndiyo kazi unayoitaka, maana mwizi wa parachichi hana haja ya kufika nyumbani kwako.

Boerboel hubweka kidogo. Dume wangu, Tembo, alikuwa analala ubavu kwenye kizingiti kama gunia la viazi. Siku moja mtu alikuja kuuliza mahindi, geti likiwa wazi, na binti yangu wa miaka sita anacheza uani. Tembo aliinuka taratibu, akatembea, akasimama kati ya mtoto na mgeni, bega limemwelekea mgeni. Hakunguruma. Yule bwana alirudi nyuma hatua tatu, akaanza kuongea kwa sauti ya kubembeleza. Nilitoka, nikamsalimia mgeni na kumshika mkono, Tembo akarudi kulala. Mtu wa namna hiyo hahitaji kung'atwa ili aelewe. Lakini elewa upande wa pili: boerboel akiamua kwamba mtu ni hatari, hana hatua nyingi za kati, na kilo sabini zikishaondoka ni vigumu kuziita zirudi.

Kwa hiyo shepadi anakulindia mpaka, na boerboel anakulindia mlango.

Muda wako

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea na shepadi. Ana akili nyingi, anajifunza haraka, na polisi na majeshi ya nchi nyingi wamemtumia kwa sababu hiyo. Sasa akili isiyo na kazi huharibu vitu. Anahitaji walau saa moja ya kutembezwa na kufundishwa kila siku, na mtu mmoja anayemjua kama bosi wake. Ukimfungia kwenye kibanda mchana kutwa na kumfungulia usiku tu, atazunguka kwa kujifuata mkia, atabwekea kila jani, au atakuwa mwoga anayeng'ata kwa nyuma. Nimeona wengi wa namna hiyo mjini Iringa na Mbeya, na inauma, kwa sababu mbwa mwenyewe hakuwa na kosa.

Boerboel haombi saa nyingi za mazoezi. Matembezi ya asubuhi na jioni yanamtosha. Anachodai ni uthabiti: mtu mzima mwenye sauti tulivu na amri zisizobadilika, tangu akiwa na wiki nane. Hupevuka polepole, kati ya miaka 2 na 3, kwa hiyo utakaa muda mrefu na mtoto mwenye mwili wa mtu mzima. Usipomzoesha watu, pikipiki, sokoni na kwa mganga wa mifugo akiwa bado unaweza kumbeba, baadaye hutaweza kumlazimisha.

Uzio

Shepadi huruka. Uzio wa kifuani kwake ni mchezo. Mita moja na nusu ni kidogo, mita mbili unalala. Michongoma iliyoshonana vizuri inamtosha kama amefundishwa mpaka wake.

Boerboel haruki sana, husukuma. Ule uzio wa mabanzi tunaouona kote Mafinga na Njombe haumfai: anaegemea, misumari inatoka. Nimeshuhudia banzi likianguka kwa sababu tu mbwa alikuwa anajikuna. Anahitaji tofali au waya mzito kwenye nguzo zilizosimikwa vizuri, na geti lenye komeo la chuma. Kama njia ya miguu ya wanafunzi inakatiza shambani kwako, kama ilivyo vijiji vingi vya huku, usimwachie boerboel humo hata kwa dakika tano. Na katika yote mawili, usimfunge mnyororo kutwa. Mnyororo humharibu mbwa tabia kabla haujamlinda mtu yeyote.

Chakula

Dume la shepadi lina kilo 30 hadi 40, jike 22 hadi 32. Boerboel huanzia kilo 50 na dume anaweza kupita 80. Tembo nilikuwa nampima kwa mzani wa viazi, ule wa kuning'iniza: namtia kwenye kiroba, miguu minne inaning'inia, anatulia akinitazama kwa aibu. Akiwa na miezi mitano mzani ulisoma kilo thelathini, na wiki mbili baadaye nikashindwa kumwinua.

Kwa chakula, boerboel atakula karibu mara moja na nusu hadi mara mbili ya shepadi. Wengi wetu tunalisha ugali, na hakuna ubaya ugali ukiwa na wenzake: dagaa, utumbo, damu iliyopikwa, kichwa cha ng'ombe, soya kidogo. Ugali mtupu unampa mbwa tumbo bila misuli. Mtoto wa boerboel usimshindilie ili awe mkubwa haraka, wala usimwongezee chokaa ya mifugo ukidhani unamjenga mifupa. Akikua kwa kasi kuliko viungo vyake, atachechemea maisha yote.

Kitu kimoja nakisisitiza kwa wote wawili. Mahindi yaliyoota ukungu, yale tunayoyatenga baada ya kupukuchua tukisema "haya ya mbwa", yana sumukuvu, na sumukuvu huua mbwa kwa kuharibu ini. Yasiyokufaa wewe hayamfai. Na kwa watu wa Rungwe na Njombe: okota parachichi zilizoanguka. Kokwa likimezwa huziba utumbo.

Baridi, mvua na joto

Makete, Njombe na kuelekea Kitulo, shepadi yuko nyumbani: manyoya yake ni tabaka mbili. Boerboel ana manyoya mafupi, hivyo Juni hadi Agosti anahitaji banda lililoinuliwa kutoka ardhini, mlango usielekee upepo, na nyasi kavu za kulalia.

Tukuyu mambo yanabadilika. Manyoya mazito ya shepadi yasipokauka, ngozi chini yake hufanya vidonda na kunuka. Atahitaji paa kubwa na kuchanwa mara kwa mara. Boerboel unampangusa kwa gunia, amekauka.

Mbarali na Kyela joto huwatesa wote, mmoja kwa manyoya na mwingine kwa uzito. Kivuli, maji mengi, na kazi ifanyike alfajiri na jioni.

Watoto, wageni na mifugo

Shepadi mdogo hufukuza kinachokimbia na kukidona kisigino, kwa sababu hivyo ndivyo kondoo walivyorudishwa kundini. Kuku wako watamjua. Anafundishika, ila aanze mapema na kuku wawepo. Boerboel hupenda watoto wa nyumbani kwake kwa namna inayogusa moyo, lakini kwa kugeuka tu anaweza kumwangusha mtoto wa miaka mitatu. Watoto wa jirani wanaokuja kucheza ni jambo lingine. Wakianza kupiga kelele na kukimbizana, mbwa anaweza kuelewa vibaya. Usiwaache nao peke yao, awe boerboel au shepadi.

Tuna desturi nzuri huku kwamba mtu husema "kamwene", salamu ya huku, akiwa tayari ameshaingia uani. Ukichukua mbwa wa aina hii, desturi hiyo ibadilike kwako: weka kengele au debe la kugonga getini, na waambie majirani wote uso kwa uso.

Afya

Wote wawili husumbuliwa na nyonga zisizokaa vizuri, na wote wanaweza kupata lile tatizo la tumbo kujaa gesi na kujisokota, ambalo linaua kwa saa chache. Gawa chakula mara mbili kwa siku, na asikimbizwe akiwa ameshiba. Shepadi mzee pia anaweza kupooza miguu ya nyuma taratibu. Boerboel wengine kope hugeukia ndani na kukwaruza jicho, na vumbi la kiangazi huongeza maumivu. Umri: shepadi miaka 9 hadi 13, boerboel mara nyingi 9 hadi 11.

Wafugaji wa ng'ombe tunayo ivermectin dukani na kabatini, na tumezoea kumchoma mbwa kipimo cha kukisia ili kupe na minyoo vitoke. Baadhi ya shepadi wana kasoro ya kurithi inayofanya dawa hiyo ipenye kwenye ubongo. Mbwa huyumba, hutetemeka, huweza kufa. Mwite mganga wa mifugo.

Chanjo za parvo na distempa, magonjwa ya virusi yanayoua watoto wa mbwa, zianze wiki ya sita hadi ya nane na zirudiwe. Ya kichaa cha mbwa akiwa na miezi mitatu, kisha kwa tarehe anayokuandikia mganga kwenye kadi. Kila 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, na sehemu nyingi hutolewa chanjo, mpeleke. Mtu aking'atwa na mbwa yeyote, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu aende hospitali siku hiyohiyo.

Kabla ya kutoa hela

Niliwahi kuuziwa "boerboel safi" aliyekua akawa chotara mwembamba mwenye masikio ya kusimama. Nilimpenda hadi alipokufa, lakini nilijifunza. Nenda ukawaone mama na baba wa mtoto, wakiwa wamesimama na kutembea. Mama akijificha au akitaka kukung'ata, ondoka. Asichukuliwe kabla ya wiki nane.

Kwa hali yako

Una shamba la eka kadhaa, upo hapo kila siku, unapenda kutembea na mbwa na kumfundisha: shepadi atakupa raha, na atakufuata hadi kwenye mzinga wa nyuki wa mwisho.

Una nyumba yenye ukuta wa tofali, familia inashinda ndani, kuna mtu mzima mwenye msimamo, na unachohofia ni watu kuvunja mlango: boerboel.

Unaanza kufuga mbwa kwa mara ya kwanza: ningekusukuma kwa shepadi jike. Makosa yako atayavumilia zaidi. Lakini kama muda huna kabisa, usichukue hata huyo.

Unaishi mjini, Soweto ya Mbeya au Kihesa ya Iringa, kiwanja kidogo, wapangaji wanaingia na kutoka: hakuna kati yao anayefaa. Mbwa wetu wa kienyeji, akilishwa vizuri na kuchanjwa, hubweka mapema kuliko wote na hula kidogo.

Una ng'ombe wa maziwa na kijana wa kazi anayebadilika: usimkabidhi kijana boerboel. Shepadi anaweza kuhamia kwa mtu mpya kama wewe mwenyewe unabaki kwenye ratiba yake, hata kwa kumlisha tu jioni.

Yule mama wa Igawilo alitaka boerboel tangu mwanzo. Nilimsikia kwenye sauti. Nami sikumkatalia, kwa kuwa kweli anachohitaji ni mbwa wa kukaa naye mlangoni, na matembezi marefu hayawezi. Ila uzio wake ulikuwa wa mabanzi. Wiki iliyopita alinitumia picha: ukuta wa tofali za kuchoma umefika usawa wa dirisha, na mjukuu wake wa kidato cha nne, anayehamia kwake mwezi huu, amesimama kando ameshika beleshi la udongo. Yeye ndiye atakayemtembeza mbwa. Mtoto wa mbwa ataletwa viazi vikishauzwa.